Bega linalouma bado linataka kazi

Mtu akikuambia bega linamuuma, mwambie akuonyeshe panapouma. Mara nyingi hatagusa bega lenyewe, atapapasa kwa kiganja upande wa nje wa mkono wa juu, pale tunapochomwaga chanjo, wengine mpaka karibu na kiwiko. Kwangu ilikuwa hivohivo. Maumivu yanakaa mkononi alafu kila mtu anauliza ulinyanyua nini, ulianguka wapi, na hakuna nilichonyanyua wala sijaanguka popote, imekuja polepole tu. Kwanza kuvaa shati, ule mkono wa pili unapoingia kwa nyuma. Afu kutoa kitu juu ya kabati. Afu kuvuta mkanda wa kiti cha gari. Mwisho usingizi, na hapo kwenye usingizi ndipo panapochosha watu kabisa, maana mchana unaweza kujipanga ukaukwepa ule upande lakini usiku unageuka mwenyewe bila kujua, unaamka na mkono unafukuta na hujui uuweke wapi.

Naandika haya kwasababu vitu vingi ambavyo mtu wa bega anaambiwa vinamtisha kuliko kumsaidia. Anaambiwa kuna kitu kimechanika, anaambiwa mfupa unasaga, anaambiwa asinyanyue kitu, basi anauficha mkono, na kuuficha mkono ndio kunazidi kulidhoofisha bega. Mengine yote hapa chini yanatoka kwenye hilo.

Tuanze na kilichomo humo ndani, manake ukikielewa nusu ya woga inaondoka. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo mkubwa, na mahali kinapokaa kwenye kombe la bega, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, ni padogo na hapana kina, kama mpira uliowekwa juu ya kisosi. Nyonga haiko hivyo kabisa, nyonga ina shimo refu linalomeza kichwa cha mfupa wa paja, ndio maana nyonga ni ngumu kuchomoka ila huwezi kuzungusha mguu namna unavyozungusha mkono. Bega limepewa uhuru kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na ulinzi wa huo uhuru wamepewa misuli minne. Supraspinatasi inapita juu. Infraspinatasi na teresi maina ziko nyuma. Subskapularisi iko mbele, imejibana kati ya kombe la bega na mbavu. Yote minne inatoka kwenye kombe, inageuka kuwa kano, yaani kamba ngumu zinazoshika msuli kwenye mfupa, na zile kano zinashikana pamoja zinakizingira kichwa cha mfupa. Huo mzingo ndio roteta kafu.

Kazi yake watu wengi wanadhani ni kuzungusha mkono tu. Inazungusha kweli, lakini kazi kubwa zaidi ni kubana. Ukinyanyua mkono, ule msuli mnene wa nje ya bega, deltoidi, unauvuta mfupa kwenda juu, na kama hakuna anayeubana katikati basi mfupa ungepanda ukagonga paa. Na paa lipo kweli, ni ncha ya mfupa inaitwa akromioni, unaweza kuigusa kwa kidole juu ya bega lako. Katikati ya paa na kano kuna kifuko chembamba chenye majimaji, basa, cha kulainisha. Kano ya supraspinatasi inapita hapohapo chini ya paa, na ndio inayoongoza kwa kuumia.

Sasa hapo kwenye paa pana historia ambayo mimi naona kila mwenye bega bovu anastahili kuijua. Mwaka 1972 daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, Charles Neer, aliandika kwamba tatizo ni kano kusuguana na paa, na akaeleza operesheni ya kukwangua sehemu ya ule mfupa ili kano ipate nafasi. Maelezo yalikuwa yanaeleweka, ukiyasikia tu unasema ndio, bila shaka ni hivo, na watu wengi sana duniani wakakwanguliwa. Wengi wakapona kweli. Swali ambalo halikuulizwa kwa miaka mingi ni je wangepona bila kukwanguliwa? Uingereza wakalijaribu, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2018: kundi moja lilikwanguliwa mfupa, kundi la pili likaingizwa chumba cha upasuaji, likawekewa kamera ndani ya bega lakini hakuna kilichokwanguliwa, na kundi la tatu halikutibiwa kitu. Waliokwanguliwa na waliowekewa kamera tu hawakutofautiana. Na hata walipolinganishwa na wale ambao hawakufanyiwa chochote tofauti ilikuwa ndogo, sio ya kumfanya mtu aseme maisha yamebadilika. Ufini nao walitoa utafiti wa aina hiyohiyo mwaka huohuo, majibu yakaelekea kulekule, na mwaka 2019 jopo la wataalamu kwenye jarida la BMJ likatoa pendekezo zito kwamba operesheni hiyo isifanywe kwa watu wenye maumivu ya aina hii.

Kama shida ingekuwa ni mfupa kukwaruza kano, kuondoa mfupa kungeonyesha tofauti. Haikuonyesha. Kwahiyo ukiambiwa leo kwamba mfupa wako una umbo baya na ndio unaokula kano, una haki ya kuuliza maswali, kwa heshima, lakini uliza.

Kinachoeleweka zaidi sasa ni kwamba kano ni kitu hai na kinaishi kwa kuzoea mzigo. Ukiizoesha kidogokidogo inakuwa imara, ukiipa mzigo mkubwa ghafla inalalamika, na ukiinyima mzigo kwa miezi inadhoofika mpaka kazi ya kawaida inakuwa kubwa kwake. Ndio maana tatizo hili linamkuta mtu aliyepaka rangi dari wikiendi nzima wakati mwaka mzima hajanyanyua mkono juu ya kichwa, linamkuta muogeleaji aliyeongeza mazoezi kwa haraka, linamkuta pia mtu ambaye hajafanya kitu chochote cha maana ila miaka imesogea na mwili wake umepungua nguvu pole pole. Umri una sehemu yake kubwa. Kisukari pia, sigara pia, na hivi viwili watu hawavihusishi na bega kabisa wakati vinagusa moja kwa moja namna kano inavyojikarabati. Mtu wa kisukari anayeweka sukari yake sawa anasaidia bega lake pia, japo hakuna anayemwambia hivo siku ile anaenda kulalamika mkono.

Tuje kwenye picha za ndani ya bega. Hapa nitakaa kidogo kwasababu hapa ndipo watu wanapovunjika moyo. Ripoti yangu ilisema kano imechanika sehemu. Nikisoma lile neno kuchanika nikawa nauona mkono wangu kama nguo ambayo ukiivuta tu inaisha, na kwa muda nikawa nautembeza kwa uangalifu mkubwa, hata mfuko mwepesi naubeba na mkono mwingine. Fizio aliyenipokea, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, mama mmoja mtulivu sana, hakuanza na ile picha, alianza kwa kuniambia ninyanyue mkono, nisukume, nivute, afu ndio akachukua ripoti akaniambia, "Hii nitaisoma, lakini kwanza nimeusoma mkono wako na mkono wako una nguvu."

Baadae nikaelewa alichomaanisha. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha ya ndani ya mwili, watu 96 ambao mabega yao hayaumi hata kidogo, na asilimia 34 wakakutwa na kano zilizochanika, kwa waliovuka miaka 60 ikawa asilimia 54. Yaani zaidi ya nusu ya wazee wasiolalamika kitu. Japani nako waliwapima kwa ultrasaundi wakazi 664 wa kijiji kimoja, utafiti ukachapishwa 2013, asilimia 22 hivi walikuwa na kano iliyochanika upana wote, sio sehemu, na karibu theluthi mbili ya hao hawakuwa na maumivu yoyote. Wanalima, wanabeba, wanalala. Kwahiyo kuchanika kwa aina hii, kule kunakokuja na umri, kwa watu wengi ni kama mvi, ipo na haiwazuii kitu. Picha inaonyesha hali ya kano lakini haikuambii maumivu yanatoka wapi, na haikuambii kabisa mkono wako unaweza nini.

Sisemi picha hazina kazi. Kuna bega ambalo linataka picha haraka na nitalifikia. Ila kwa bega lililokuja polepole, bila ajali, mtu aliyesomea kazi hii vizuri, kwa mikono miwili na masikio mawili tu, anapata mengi kabla ya mashine yoyote. Atakuuliza maumivu yanakuja wakati gani. Ukiunyanyua mkono kwa upande mara nyingi kuna eneo la katikati ndio linachoma, kama kuanzia nyuzi 60 mpaka 120, chini ya hapo sawa, juu ya hapo pia nafuu. Atajaribu nguvu ya kuzungusha nje. Na kitu muhimu kabisa, ataushika mkono wako auzungushe yeye mwenyewe wewe ukiwa umelegea. Kama yeye anaweza kuupeleka mbali kuliko wewe, hilo linaelekea kuwa roteta kafu. Kama hata yeye hawezi, mkono umekwama kabisa hasa kuzunguka kwenda nje, hilo huenda ni bega lililoganda, ugonjwa tofauti, unawapata zaidi watu wa kisukari na wenye umri wa miaka 40 mpaka 60 hivi, na mwendo wake ni mwingine. Shingo nayo inaweza kutuma maumivu begani, na hapo kawaida utasikia ganzi au umeme unaoshuka mpaka vidoleni, au ukigeuza shingo ndio linaamka.

Haya, matibabu. Jibu la msingi ni mazoezi ya kuongeza mzigo kidogokidogo. Najua linakatisha tamaa kulisikia ukiwa hujalala siku nne, mtu anataka kidonge au sindano imalize, lakini ndio lenye uzito mkubwa wa ushahidi na ndio lililonirudishia mkono. Na halihitaji mambo makubwa. Uingereza tena, 2021, walichukua watu 708 wenye shida hii, wengine wakapewa mpaka vikao sita vya fizio vya mazoezi ya kupanda hatua kwa hatua, wengine wakapewa kikao kimoja tu kizuri cha ushauri na mazoezi ya kufanya nyumbani. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa mahali pamoja. Hili mimi linanipa furaha kabisa, kwasababu kuna watu wengi ambao hawawezi kurudi hospitali kila wiki na wanadhani basi wamekosa tiba. Hawajakosa. Kikao kimoja cha mtu anayejua kazi yake, na uvumilivu wako nyumbani, vinafika mbali.

Mwanzoni, wakati bega limewaka, lengo ni kulituliza bila kulilaza. Punguza yale yanayolichokoza zaidi, usiyaache yote. Kama kufikia juu kunauma fanya kazi mkono ukiwa karibu na mwili, sogeza vitu unavyotumia kila siku viwe usawa wa kifua. Kuna zoezi la kusukuma bila kusogea: simama pembeni ya ukuta, kiwiko kimekunjwa kimebanwa ubavuni, sukuma ukuta kwa mgongo wa mkono kama unataka kuufungua mkono kwenda nje, nusu nguvu tu, shikilia sekunde 20 au 30, pumzika, rudia mara chache. Kwa wengi hilo linatuliza hata maumivu yenyewe. Kutelezesha mkono juu ya meza kwenda mbele ukiinama, au kupandisha kiganja ukutani kama unaupangusa, hayo yanarudisha mwendo bila kulibebesha bega uzito wote.

Likitulia unapanda. Raba ya kuvuta umeifunga kwenye kitasa cha mlango, kiwiko ubavuni (wengine wanabana taulo lililokunjwa hapo kwapani, linasaidia), unavuta kwenda nje polepole na unarudi polepole zaidi, pale kwenye kurudi usiachie tu. Au unalala ubavu wa upande usiouma, unanyanyua kidambeli au chupa ya maji kwa mkono unaouma, kiwiko kimekaa mbavuni. Unaongeza kuvuta kwenda nyuma ili misuli inayoshika kombe la bega nayo ifanye kazi. Baadae unanyanyua uzito mwepesi mbele na pembeni, baadae juu ya kichwa. Hiyo ya juu ya kichwa watu wanaiogopa na wanaishia njiani, wanapona nusu, afu siku wanapaka tena dari linarudi. Kama maisha yako yana kazi za juu, mazoezi yako lazima yafike juu.

Na maumivu wakati wa mazoezi? Hapa ndipo watu wanapokwama, sasa sikiliza vizuri. Kuuma kidogo sio kuharibu. Kipimo wanachotumia mafizio wengi ni hiki, ukipima kutoka 0 mpaka 10, maumivu ya mpaka 3 au 4 wakati unafanya yanakubalika, mradi yatulie baada ya muda na kesho yake asubuhi usiamke vibaya kuliko jana. Ukiamka vibaya zaidi, umezidisha, shusha uzito au idadi, usiache. Siku tatu kwa wiki kwa yale mazito zinatosha, kano inataka muda wa kujijenga. Na mazoezi yape wiki 12 kabla ya kusema hayafanyi kazi. Wiki za mwanzo unaweza usione kitu, mi wiki zile nilikuwa nafanya kwa imani tu, mabadiliko ya kwanza hayakuwa maumivu kuisha, ilikuwa ni kugundua asubuhi moja kwamba nimevaa shati bila kujipanga.

Usingizi una mambo yake. Ukilala chali weka mto mdogo chini ya kiwiko na mkono wa juu ili bega lisining'inie kwenda nyuma. Ukilala ubavu wa upande mzima kumbatia mto mnene, mkono unaouma ukae juu ya mto usidondoke mbele ya kifua. Usilalie upande unaouma kwa kipindi hicho, na usilale mkono ukiwa juu ya kichwa. Ni vitu vidogo lakini mtu aliyelala anavumilia mazoezi, ambaye hajalala hawezi.

Dawa zinasaidia kupata nafasi ya kufanya mazoezi. Parasetamo kwa wengine inatosha. Ibuprofeni na diklofenaki zinafanya kazi kwa muda mfupi, lakini mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asijinunulie tu, aongee na daktari au mfamasia kwanza. Sindano ya steroidi kwenye bega inaweza kushusha maumivu kwa wiki kadhaa, na kwa mtu ambaye hawezi hata kuanza zoezi hiyo nafuu ina maana. Ila nafuu yake huwa haidumu, inapandisha sukari kwa siku kadhaa kwa mwenye kisukari, na kuzirudia rudia kuna hatari ya kuidhoofisha kano yenyewe. Kinachoniumiza ni kuona mtu anachomwa, anapata nafuu, haambiwi zoezi hata moja, anarudi kuchomwa tena. Ile nafuu ilikuwa dirisha, hakuna aliyemwonyesha la kufanya humo ndani.

Upasuaji wa kushona kano upo na una watu wake. Umeanguka, au umevuta kitu kizito ghafla, umesikia kitu kimekatika, na kuanzia hapo mkono haunyanyuki: hilo usisubiri wiki 12, nenda upimwe ndani ya siku chache, kwasababu kano iliyokatika kwa ajali ikiachwa muda mrefu inajivuta nyuma, msuli wake unasinyaa na kugeuka mafuta, na baadae hata mpasuaji mzuri hana cha kushona. Kwa iliyochanika bila ajali hadithi ni nyingine. Kikundi cha madaktari Marekani kiliwafuatilia watu 452 waliochanika upana wote bila ajali, wakaanza na fizio, na baada ya miaka miwili chini ya robo yao ndio waliochagua upasuaji. Na wanaoshonwa nao wanarudi kwenye mazoezi yaleyale, baada ya wiki kadhaa za mkono kufungwa, kwahiyo hakuna njia inayoyakwepa.

Kuna maumivu ya bega ambayo sio ya bega. Bega la kushoto linalouma pamoja na kifua kubana, jasho la baridi, pumzi kukata, hiyo ni dharura ya moyo, kimbia. Bega la kulia linalouma baada ya kula vitu vya mafuta linaweza kuwa nyongo. Bega jekundu, la moto, na homa juu yake, linaweza kuwa na usaha ndani, siku hiyohiyo hospitali. Uvimbe unaokua, kupungua uzito bila sababu, maumivu ambayo hayabadiliki hata uuweke mkono vipi, au mtu aliyewahi kuugua saratani akapata maumivu mapya ya bega, hayo yote yapimwe kwanza kabla ya mazoezi.

Mimi sasa hivi nanyanyua, nabeba, nalala upande ninaotaka. Picha nyingine sijapiga na sioni sababu, inawezekana kano bado iko vilevile ilivyoandikwa kwenye ile karatasi. Raba bado inaning'inia kwenye kitasa, natumia siku mbili kwa wiki, na nikijua nina kazi ya juu inakuja naanza kuongeza wiki kadhaa kabla.